Ufuate Mchoro Mpaka Unapotundikwa

Hotuba kwa wahitimu wa usanifu wa michoro, Dar es Salaam

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mliovaa majoho kwenye joto hili: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa niongee dakika ishirini kuhusu kazi yetu na njia za ajira zilizopo. Jana usiku niliandaa slaidi, kila njia na slaidi yake, rangi zimepangana vizuri. Nikazifuta zote. Najua mngezipiga picha kwa simu mkaondoka nazo, na Jumatatu asubuhi hakuna ambaye angejua aanzie wapi. Kwa hiyo nitawasimulia jinsi mimi nilivyoipata njia yangu, na itabidi nianze na unga.

Mwaka 2014 alikuja dukani kwangu Kariakoo mama mmoja kutoka Kibaha, anasaga unga wa lishe. Alikuwa anauza kwenye mifuko ya kawaida yenye stika ya steshenari, ile ikipata maji wino wote unahama. Sasa amepata nafasi ya kupeleka mzigo kwenye duka kubwa, na wenye duka wanataka kifungashio cha kueleweka chenye bakodi. Namba alishalipia mwenyewe kwa GS1, shirika linalotoa namba za bakodi, tarakimu 13 zinazoanza na 620. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchora tu. Nikachora. Jina jekundu, ukingo mwekundu, mtoto anacheka na kijiko mkononi. Nilipofika kwenye bakodi nikaona ile mistari myeusi itaniharibia pambo langu, nikaipaka nyekundu juu ya nyeupe. Ilipendeza, wacha niseme ukweli. Mama akapenda, nami nikapenda, tukachapa pakiti 5,000.

Wiki mbili baadaye akarudi. Kapanda basi na pakiti kumi mapajani. Mashine ya keshia haisomi.

Mwanga wa mashine nyingi za aina ile ni mwekundu. Ukiumulika juu ya wino mwekundu ulio kwenye karatasi nyeupe, mashine haioni tofauti, inaona nyeupe tupu. Kwa macho yangu mistari ilikuwepo. Kwa mashine pakiti haina kitu. Jambo hilo anayeuza bakodi analijua, mchapaji mzoefu analijua, keshia mwenyewe pengine analijua. Asiyelijua alikuwa mimi, mwenye kazi.

Mama yule hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Mwanangu, sasa huu mzigo nifanyeje?" Nikachapa stika 5,000 za bakodi nyeusi kwa pesa yangu, tukakesha usiku mbili tunabandika: mimi, mdogo wangu na kijana wa dukani. Vidole vilinata mpaka ugali ukawa unashikika wenyewe.

Tulipomaliza, nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla sijagusa kompyuta. Nilikwenda kwenye duka kubwa nikasimama karibu na keshia, najifanya nachagua pipi. Nilisimama muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kunifuatilia. Nikaona kwamba bakodi iliyowekwa karibu na mshono wa mfuko inajikunja, na keshia anainyoosha kwa kiganja huku foleni inaguna. Nikaona rafu za chini, mteja aliyesimama haoni uso wa pakiti kabisa, anaona utosi wake. Nikaona mama mmoja anageuza pakiti ya maziwa kutafuta tarehe ya mwisho ya kutumika, hapati, anairudisha, anachukua ya kampuni nyingine. Pakiti aliyoirudisha ilikuwa nzuri kuliko aliyoichukua. Mimi ningeipa alama zaidi ile aliyoirudisha.

Leo zaidi ya nusu ya mapato yangu yanatokana na vifungashio. Yule mama wa Kibaha ndiye aliyeniletea mteja wa pili, wa asali, kisha wa tatu, wa pilipili. Nimejifunza nafasi nyeupe inayotakiwa pembeni mwa bakodi. Nimejua kwamba bakodi ya kawaida ina upana wa milimita 37 na kidogo, na ukiipunguza usiende chini ya asilimia 80. Nimejua TBS, shirika la viwango, wanataka nini kwenye lebo, na uzito halisi unaandikwaje. Siku hizi mjasiriamali akifika SIDO, shirika la viwanda vidogo, akisema anahitaji mtu wa lebo, wapo wanaomwelekeza kwangu. Hiyo ndiyo ajira yangu. Hakuna tangazo lililowahi kutoka gazetini likisema anatafutwa dada wa lebo za unga. Nililifuata kosa langu mpaka kwa keshia, nikaikuta njia imelala palepale.

Nilichokuja kuwaambia ni hicho. Mchoro wetu hauishii kwenye skrini. Kila mahali unapofikia pana watu, mashine na shida zake, na atakayepajua mahali pale vizuri kuliko wenzake hakosi kazi. Njia za ajira mnazouliza ni hizo sehemu.

Wacha nirudi nyuma kidogo, maana unga haukuwa mwanzo.

Nilianza mwaka 2006 steshenari, nachapa barua na wasifu wa watu, naungua na moshi wa jenereta umeme ukikatika. Mwenye duka alikuwa na CorelDRAW, programu ya kuchorea, na hakuna aliyejua kuitumia zaidi ya kuandika jina kwa herufi zilizopinda. Nikaizoea. Kazi ya kwanza ya maana ikawa kadi za harusi. Mnajua kadi zinavyotengenezwa uswahilini: unafungua kadi ya wiki iliyopita, unabadilisha majina. Kadi ya wiki iliyopita ilikuwa ya familia ya marehemu fulani. Nikabadilisha majina yote, tarehe na ukumbi, lile neno "marehemu" nikalisahau. Kadi 300. Baba wa bibi harusi, mzima wa afya, akajisoma marehemu kwenye mwaliko wa harusi ya binti yake.

Tangu siku hiyo hakuna kadi inayotoka kwangu kwenda mashineni kabla mtu wa familia hajasoma prufu, ile nakala ya kukagua, na kusaini kwa kalamu. Kwa kalamu kabisa, siyo kile kidole gumba cha WhatsApp.

Kadi za harusi zilinifundisha jambo jingine pia. Kadi ya mwaliko ni tiketi. Pale mlangoni ukumbini amesimama mjomba mwenye tochi anatafuta neno "single" au "double", yaani mgeni mmoja au wawili, nyuma yake foleni ya wageni wenye viatu virefu. Kama neno hilo umelificha kwenye maua ya dhahabu kwa herufi ndogo za kulala, mjomba atakusema usiku kucha na hajui hata jina lako. Mimi nililiweka pembeni, kubwa, limesimama peke yake. Watu wa kamati za harusi wakaanza kuniulizia. Sikuwa najua kupamba kuliko wenzangu, ila nilishawahi kusimama mlangoni.

Baadaye nikaingia kiwanda cha uchapaji. Nawashauri, kama mtapata nafasi hiyo, hata kwa posho ndogo, mkakae mwaka mmoja. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini ile buluu kali iliyokuwa inawaka kwenye simu ya mteja imetoka mashineni kama zambarau. Simu inatoa mwanga. Karatasi inabeba wino wa rangi nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na zipo rangi za mwanga ambazo wino huo hauwezi kuzifikia hata ufanyeje. Utajua kwa nini unaacha milimita 3 za ziada kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia hakijali ulipochora mstari. Utajua picha uliyoipakua Instagram haiwezi kukaa kwenye jarida linalotaka nukta 300 kwa inchi, lakini ikifika kwenye bango la ukutani mambo yanabadilika, kwa kuwa bango linatazamwa kwa mbali.

Kiwandani kulikuwa na mzee aliyeanza kazi enzi za herufi za madini ya risasi, zinapangwa moja moja kwenye trei, kinyumenyume. Kompyuta zilipokuja na programu za kupanga kurasa, kazi yake ilikufa. Wenzake walirudi vijijini kwao. Yeye alibaki kwa sababu jicho lake lilikuwa linahitajika bado. Ukimpelekea prufu, kitu cha kwanza anaigeuza juu chini. Nilidhani ni uzee. Kumbe ukiigeuza huwezi tena kusoma maneno, unabaki unaona nafasi kati ya herufi na uzito wa ukurasa, na kosa linajitokeza lenyewe. Mpaka leo nafanya hivyo, na vijana wangu ofisini wananicheka kama nilivyomcheka yeye.

Sasa nataka niwatoe kidogo kwenye kompyuta, kwa sababu kuna kitu kinanikera. Mnafundishwa historia ya kazi hii kana kwamba ilizaliwa Ulaya ikaletwa kwetu kwa kebo. Hebu akina mama mlioko hapa, nani amejifunga kanga? Naona wengi. Mama, simama kidogo tuone. Asante sana mama yangu.

Tazameni. Pale pembeni kote ni pindo. Katikati ni mji. Chini ya mji kuna jina, yaani maneno. Urefu ni kama mita moja na nusu, upana kama mita moja na kitu. Inauzwa doti, vipande viwili vimeshikana, na aliyeichora alijua itakatwa, itapindwa, itafungwa kiunoni au kutupwa kichwani, na maneno yake yatasomwa na jirani kutoka nyuma, mama akiwa anatembea. Rangi chache, zisizochuja. Ujumbe mfupi unaoeleweka hata ukisomwa nusu, na ambao mwenye kuvaa anaweza kuukana akisema, "Mimi nimependa maua tu." Nimekaa kwenye semina nyingi za matangazo na sijaona mtu anayejua mahali pa mchoro wake kuishi kama mchora kanga.

Na hiyo ni kazi mpaka leo. Viwanda vya nguo vinahitaji wachoraji wa kanga na vitenge wanaojua mchoro unavyojirudia bila kuonyesha mshono, na ni wachache mno. Kuna sare za shule, jezi, fulana za misiba na za uzinduzi. Mwaka wa uchaguzi ndiyo usiseme, skrini za kuchapia fulana zinapigwa usiku na mchana.

Lakini kanga zinatufundisha na jambo la uchungu. Mtaa wa Biashara, Mombasa, kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lipo tangu mwaka 1887, na kanga zake zinajulikana pwani nzima kwa maandishi yaliyoko pembeni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mfanyabiashara ameandika jina lake kwenye kila kipande, na kafanya vizuri, ni haki yake. Sasa nitajieni jina la mchoraji mmoja tu wa kanga. Mmoja.

Kimya.

Mwaka 2017 nchi nzima ilimsikia mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyekutwa Buguruni akiishi kwa dhiki, akitajwa kuwa ndiye aliyechora nembo ya taifa. Alifariki mwaka huohuo. Na palepale wakatokea watu wengine wanaosema mchoraji ni mzee mwingine. Mimi si mwanahistoria, ubishi huo siuamui. Kinachoniuma ni kwamba unawezekana kuwepo. Kitu kipo kwenye pasipoti ya kila Mtanzania, kwenye barua za serikali, kwenye ukuta wa ofisi ya kata, na tunabishana nani alikichora.

Kwa hiyo, wadogo zangu, karatasi. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA inayosimamia hakimiliki, lakini sheria itakusaidia vizuri kama una maandishi. Kabla hujafungua programu, andikeni ukurasa mmoja: kazi ni ipi, bei ni kiasi gani, marekebisho mara ngapi, nembo ikikamilika inakuwa ya nani, na faili la kuchorea lenyewe linauzwa pamoja au haliuzwi. Chukua nusu ya malipo mwanzoni. Mteja akikuambia, "Wewe fanya tu, tutaelewana," mwambie kwa heshima, "Tuelewane sasa bosi wangu, tukiwa bado tunapendana." Anacheka, analipa. Asipolipa pia umepata jibu. Na mteja akitaka nembo isajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, hakikisha uliichora wewe. Ukiwa uliiokota intaneti, utaumbuka mbele ya mteja wako na pesa umeshakula.

Nimeona mkuu wa chuo ametazama saa. Naenda haraka kwenye sehemu nyingine.

Magazetini kuna msanifu kurasa. Ni kazi ya usiku, ya presha, na siwadanganyi, nafasi zimepungua kwa sababu watu wanasomea simuni. Lakini aliyetoka huko namheshimu, kwa kuwa amejifunza kumaliza. Saa nne usiku ukurasa unaondoka, uwe umeupenda au hujaupenda. Sisi tunaojiajiri tuna ugonjwa wa kurekebisha mpaka alfajiri.

Vitengo vya mawasiliano vya benki, mashirika, wizara na hospitali vinaajiri. Mshahara upo, bima ipo. Kazi yenyewe ni ripoti, vipeperushi, mabango ya maonyesho ya Sabasaba na Nanenane, na kumzuia mkurugenzi asiweke picha yake kubwa kuliko ya mkulima. Msizidharau. Wapo wenzangu waliojificha huko wakasomesha watoto mpaka chuo kikuu, huku sisi mabingwa wa mitandaoni tunahangaika na kodi ya chumba.

Kampuni za matangazo zitakupa kasi na marafiki, na zitakuchosha. Miaka mitatu inatosha kujifunza, halafu jiulize.

Wanaopenda kuchora kwa mkono, msiache. Godfrey Mwampembwa, huyu tunayemwita Gado, ni mtoto wa Dar es Salaam aliyekwenda Nairobi mwaka 1992 kuchora katuni gazetini, na kalamu yake ikasomwa Afrika Mashariki nzima. Masoud Kipanya amechora katuni, ametangaza redioni, na mwaka 2022 akazindua gari la umeme. Sisemi mkatengeneze magari. Kuna vitabu vya watoto vinavyohitaji wachoraji wanaojua mtoto wa Mbinga anavyovaa na jiko la mafiga linavyokaa. Na kuna michoro inayotembea: hapahapa mjini watu wa shirika la Ubongo walianza kurusha vipindi vyao vya katuni za kufundishia watoto mwaka 2014, na leo vijana wa Kitanzania wanaishi kwa kazi ya aina hiyo.

Sehemu ninayotaka nikae kidogo zaidi ni simu.

Wengi wenu mkisikia usanifu wa programu za simu mnawaza rangi za mserereko, zile zinazoyeyukiana, na vitufe vya duara. Nataka muwaze menyu ya *150*00#, ile ya kutuma pesa kwa simu. Haina rangi. Haina nembo wala picha. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, na humo ndani kuna mtu aliyeamua namba moja iwe nini na namba sita iwe nini, na bibi yangu kule Masasi anaitumia bila kuvaa miwani kwa sababu vidole vyake vimekariri njia. Ukihamisha namba moja ikawa mbili, bibi atatuma pesa asikokusudia. Usanifu ndio huo, wa hatari kabisa, na umefanywa kwa maandishi matupu.

Kisha kuna lugha. Programu nyingi za simu zimechorwa kwa Kiingereza, na neno lao la herufi nne, "Next", kwetu ni "Endelea", herufi saba, na "Mipangilio" inakatwa mkia kwenye kitufe. Anayejua kupanga skrini kwa Kiswahili tangu mwanzo, asiyengoja tafsiri ije kubana mwishoni, ana kazi benki, kwenye kampuni za simu, za bima, kwenye mifumo ya hospitali. Lakini kama ilivyokuwa kwa keshia, itabidi utoke. Kaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa nusu siku. Tazama watu wanavyompa wakala simu yao wakisema, "Nisaidie kubonyeza." Kila anayempa mtu mwingine simu amekutana na mchoro ulioshindwa, na wewe unaweza kuurekebisha.

Wanaotaka kufanya kazi za nje mkiwa hapa nyumbani, zipo. Wapo vijana wanaowachorea watu wa Ujerumani na Marekani kutoka Mbagala. Ninachowaomba, kabla hujashika kazi uliza pesa itaingiaje, kwa njia gani na kwa makato gani, kwa sababu siyo kila huduma ya malipo ya mtandaoni inakuruhusu kupokea ukiwa Tanzania. Kuna kijana alinijia ana kazi nzuri ameshaikamilisha, amelipwa, na pesa anaitazama tu kwenye skrini kama samaki wa dirishani.

Na anayejiajiri achukue TIN, namba ya mlipakodi, mapema. Taasisi nyingi hazitakulipa bila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Ukifanya kazi ya milioni moja, watakuzuilia asilimia 5, shilingi elfu hamsini, ni kodi ya zuio, ndiyo utaratibu. Usigombane na mhasibu, wewe mdai cheti cha makato utunze. Mimi miaka yangu ya kwanza nilikuwa nadhani naibiwa. Halafu jipange na misimu: Novemba na Desemba kalenda na shajara zinakuua, Januari unakaa unahesabu nzi.

Najua swali mnalolingoja, nimeliona usoni tangu nilipoingia. Canva na akili mnemba.

Canva, ile programu ya kujichorea mtandaoni, ilianza mwaka 2013, na ilipofika mitaani kwetu kweli ilichukua ugali wa watu. Ile flaya ya shilingi elfu kumi, ya duka la vipodozi, imeondoka. Mwenye duka anajitengenezea mwenyewe akiwa kitandani. Siwezi kuwaambia itarudi. Na sasa mashine inachora picha nzima kwa kuambiwa sentensi moja. Nimejaribu, na mimi si mshamba wa kuikataa. Natumia kuonyesha mteja mwelekeo kabla sijaanza kazi yenyewe. Niliiambia inichoree kanga. Ikaniletea kitambaa kizuri sana, pindo upande mmoja, mji haupo, na maneno ya chini yanafanana na Kiswahili ukiwa mbali, ukisogea hayasomeki kwa lugha yoyote. Labda mwaka kesho itaweza. Nadhani itaweza.

Lakini haijasimama kwa keshia. Haijashikiwa tochi mlangoni na mjomba. Mama wa Kibaha akirudi na pakiti kumi mapajani, hawezi kuiuliza, "Mwanangu, sasa nifanyeje?" Anahitaji mtu wa kumwajibia, atakayekesha naye akibandika stika. Kama wewe ulichokuwa unauza ni kujua programu, basi ndiyo, uwe na wasiwasi, na mimi niliyekuwa bingwa wa CorelDRAW steshenari nisingekuwa na kazi leo. Yule mzee wa herufi za risasi alipitia hayahaya kabla yetu, na kilichombakisha ni jicho.

Wazazi, nina neno dogo kwenu pia. Mtoto akikaa na laptopu mpaka saa nane usiku siyo lazima anacheza. Lakini mwulizeni kazi hiyo inakwenda wapi, nani ameiomba na atalipa lini. Akishindwa kujibu, mpelekeni akalale, kwa sababu macho na mgongo ndiyo mtaji wake na hauna duka la vipuri. Mimi nina miwani ya namba kubwa na kiti nilichokinunua nikiwa nimechelewa.

Muda wangu umekwisha na MC ameshasimama. Dukani kwangu Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nafungua saa tatu kwa wanafunzi, hakuna kiingilio. Sitaki kuona kazi kwenye skrini. Njoo na kitu kimechapwa, hata kama ni stika moja, na uje umeshaonana na mtu aliyeitumia, unieleze alisema nini. Aliyechora bango, aje na picha ya bango likiwa limetundikwa barabarani, apige akiwa ndani ya daladala linalotembea, tuone linasomeka au halisomeki. Na mama uliyesimama na kanga, maneno yake sijayasoma vizuri, naomba nikuone nje kabla hujapanda gari.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.